Tabora: Java ya seva tunafundishwa ubaoni, tukifeli tunaitwa wavivu

Wakuu, nimevumilia vya kutosha, leo naumwaga hapa. Chuo sikitaji maana bado nakihitaji cheti changu, ila mlioko Tabora mtakijua tu.

Tupo diploma ya TEHAMA, mwaka wa pili. Semesta hii tuna somo la kutengeneza tovuti kwa lugha ya programu ya Java upande wa seva (kompyuta inayowajibu wateja): servleti, yaani programu za Java zinazojibu maombi ya brauza, JSP, yaani kurasa za wavuti zenye Java ndani, na kuunganisha na hifadhidata ya MySQL. Somo tamu, wala sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba kwenye risiti ya ada kuna mstari kabisa umeandikwa mafunzo kwa vitendo, halafu doGet na doPost, zile sehemu za servleti zinazopokea maombi ya brauza, tunaandikiwa ubaoni na kunakili kwenye kauntabuku. Mtihani wa katikati tumeandika kodi kwa kalamu, na ukisahau nukta-mkato unakatwa maksi! Maabara ipo, kompyuta zimefunikwa vitambaa, ila ufunguo anao mtu ambaye kila ukimuulizia "katoka kidogo".

Tuje kwenye madesa, yaani notisi za somo, ambayo tunayanunua steshenari kwa hela zetu. Ukurasa wa kwanza unasema Java ni mali ya Sun Microsystems. Sun ilishanunuliwa na Oracle tangu 2010! Hilo ningelisamehe. Lakini kila mfano ndani unaanza na javax.servlet, na maabara wameweka Tomcat 10, programu ya kuendeshea servleti. Tomcat kuanzia toleo hilo inataka jakarta.servlet, kwa sababu Oracle waliamua kuikabidhi Java EE (ile Java ya mifumo ya seva, servleti zikiwemo) kwa taasisi ya Eclipse Foundation mwaka 2017, jina la Java wakabaki nalo, na 2020 vifurushi vya kodi vikabadilishwa jina kutoka javax kuwa jakarta. Siku maabara ilipofunguliwa, darasa zima mistari myekundu kuanzia juu. Jibu la mkufunzi: "Mmenakili vibaya." Darasa zima, wakuu? Mwenzetu mmoja akatafuta kwa bando lake, akabadilisha lile neno, ikakubali. Badala ya pongezi akaambiwa anajifanya mjuaji. Na kama madesa hayaguswi, si wangeshusha Tomcat 9 tu, yakaisha?

Mradi wa semesta ni duka la asali mtandaoni. Tumeambiwa tufuate kodi ya madesa neno kwa neno. Kwenye hiyo kodi, kikapu cha mteja kimetangazwa juu kwenye klasi ya servleti, nje ya doPost. Nikaingiza lita mbili za asali ya Sikonge kwenye laptopu yangu, jirani yangu wa hosteli akafungua ukurasa uleule kwa simu yake, akazikuta kwenye kikapu chake! Alipozifuta, na kwangu zikapotea. Tomcat inaunda servleti moja na wateja wote wanapita humohumo, kwa hiyo ukihifadhi kitu pale ni cha kila mtu. Vitu vya mteja vinakaa kwenye HttpSession, yaani kumbukumbu ya seva ya kila mteja, na kila brauza inatambuliwa kwa kuki (alama ndogo inayotunzwa na brauza) ya JSESSIONID. Hilo ndilo somo lenyewe jamani. HTTP, ile kanuni ya mawasiliano ya brauza na seva, haimkumbuki mtu, kazi ya seva ni kumkumbuka. Ukiliruka hilo umefundisha nini? Nilipouliza nikajibiwa "halitoki kwenye mtihani".

Fomu ya usajili ndiyo aibu kabisa. Amri ya SQL, ile lugha ya kuongea na database, inaungwaungwa kwa alama ya kujumlisha, alichoandika mteja kinachomekwa katikati. Mteja akijaza kwamba anaishi Ng'ambo, mfumo unaanguka, maana ile alama kwenye Ng' inafunga maandishi kabla hayajaisha. Tabora hii! Mteja wa Ng'ambo hanunui asali, na kina Ng'wana wote wakae nje. Sasa mwenye nia mbaya anapitia tundu hilohilo kuingiza amri zake kwenye database yako. Dawa yake ni PreparedStatement, inayotenganisha amri na alichoandika mteja, imo kwenye Java tangu JDK 1.1 ya mwaka 1997. Madesa yote haimo hata mara moja.

Matokeo ya katikati yametoka, wengi tumelamba sakafu. Mkuu wa idara kaja darasani kusema kizazi chetu kinapenda simu kuliko kitabu. Kitabu kipi? Akaongeza kwamba atakayeshindwa mradi ajiandae na sapu, yaani mtihani wa marudio, na sapu inalipiwa.

Tunachotaka si kikubwa. Maabara ifunguliwe kwa ratiba inayojulikana, mifano iendane na Tomcat iliyowekwa, na mradi usahihishwe ukiwa unaendeshwa, si kurasa zilizochapishwa. Mwakilishi wetu kapeleka barua ofisini, hadi leo kimya. Mwenye kujua malalamiko ya namna hii yanavyopelekwa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, bila jina la mtu mmoja kuchomwa, naomba aelekeze hapa.

Na wale wa "jisomee YouTube dogo" naona mnakuja. Bando nanunua mimi, ada nalipa mimi, kujifundisha nijifundishe mimi, sasa mwenzangu mshahara anapokea wa nini?