Mdogo wangu ni koplo wa askari wa miguu: kozi ya uongozi, ukufunzi au fani?

Mwana_Igoma
Wakuu, habari za jioni. Mdogo wangu ni mjeda, askari wa miguu, ana V mbili. Yuko likizo nyumbani hapa Mwanza na akirudi kambini anatakiwa aseme anataka kuombewa kozi gani. Ya kwanza ni kozi ya uongozi, ya kumwandaa kwa V tatu, yaani usajenti. Ya pili ni ukufunzi, akafundishe kuruta. Ya tatu ni fani, udereva na ufundi wa magari, aachane na kutembea na mzigo mgongoni. Mama anataka fani. Mimi ndiye niliyemsomesha tangu baba afariki, neno langu analisikiliza sana, kwa hiyo naogopa kumpotosha. Ipi bora?

Dada_Mwaloni
Kaka, umeuliza nusu. Ana umri gani? Aliishia kidato cha ngapi na alipata nini? Ana miaka mingapi kazini? Ana mke? Bila hayo kila mtu hapa atakusimulia maisha yake tu.

Kapripoint77
Na usiandike kikosi wala kambi yake, tafadhali. Hata picha usiweke.
Kwa upande wangu, fani. Dereva mzuri wa magari makubwa halali njaa akistaafu. Barabara ya Usagara saa zote ina malori. Kamanda wa seksheni, kile kikundi kidogo cha askari, akistaafu ataongoza seksheni gani mtaani?

SajiniTaji_Mstaafu
Kijana wa Igoma, mimi nimevaa kombati miaka 22, yote kwenye askari wa miguu. Nitakueleza jambo moja lililonipata.

Nilipewa V tatu kabla ya kozi. Platuni ilikuwa na upungufu, mkubwa wangu akasema vaa, kozi utakwenda baadaye. Nilifurahi sana, mke wangu alipika pilau. Miezi michache baadaye tukaenda zoezi la masika, porini. Usiku wa pili luteni wetu akashikwa na malaria, akarudishwa nyuma. Platuni ikawa yangu: vijana thelathini na kitu, ramani moja, dira moja, mvua.

Kusoma ramani nilikuwa najua kidogo kidogo, kwa kuchungulia wenzangu. Mistari ya miinuko niliisoma vibaya, nikaona bonde ambapo palikuwa na mgongo wa kilima. Tukatembea mpaka saa tisa usiku kuelekea kusiko. Kijana mmoja akateguka kifundo cha mguu. Hapo ndipo nilipogundua sijapanga nani anabeba machela, majeruhi anapelekwa wapi, wala maji yaliyobaki ni kiasi gani. Hayo ndiyo kazi ya sajenti wa platuni: risasi, maji, chakula, majeruhi, na miguu ya askari. Nilikuwa nimevaa cheo cha kazi nisiyofundishwa.

Askari hawakunitukana. Walianza tu kumuuliza koplo mmoja aliyekuwa ametoka kozi mwaka ule. "Afande, tupite wapi?" Walikuwa wanamwangalia yeye, na mimi nimesimama pale pale. Yule koplo alitutoa, tena kwa heshima, alikuwa ananinong'oneza ili amri itoke kwangu. Nilipelekwa kozi miaka mitatu baadaye. Wiki ya kwanza tukafundishwa mambo yale yale ya usiku ule. Niliumia sana darasani.

Kwa hiyo mimi nasema kozi ya uongozi kwanza, hata kama fani itafuata. Na akipewa cheo kabla ya kozi, aombe kozi kila mwezi bila aibu.

Mtoto_wa_Ukerewe
Pole sana mzee wangu, na asante. Mimi niko Uingereza, nina jirani aliyekuwa askari wa miguu. Huku koplo wa miguu hatambuliki kirahisi kama hajapita Brecon, kule Wales. Kuna kozi ya makamanda wa seksheni na juu yake kozi ya masajenti wa platuni. Kozi ya makamanda wa seksheni ina sehemu ya silaha, namna ya kufundisha na kuendesha uwanja wa kulenga shabaha kwa usalama, halafu sehemu ya mbinu za vita. Jirani yangu anasema mvua ya Brecon haisahauliki.
Marekani nako mwaka 2016 jeshi la nchi kavu liliweka utaratibu ambao kwa kifupi ni: uchaguliwe, ufunzwe, usomeshwe, ndipo upandishwe. Kila ngazi ina kozi yake, mpaka chuo cha masajenti wakuu pale Fort Bliss, Texas, kilichoanzishwa 1972. Yaliyompata mzee ndiyo hasa utaratibu huo unataka kuyazuia.

Kapripoint77
Hayo ni majeshi yenye pesa. Sisi tulimtoa Amin bila Brecon. Mwaka 1978 mgambo na vijana wa JKT walichukuliwa, wakafunzwa haraka, na Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

SajiniTaji_Mstaafu
Nani aliwafunza haraka, Kapripoint? Makoplo na masajenti wa zamani. Jeshi lilipanuka kwa miezi michache tu, na kijana aliyetoka shambani jana alishikwa mkono na mtu mwenye V. Hiyo vita ni ushahidi wangu mimi, si wako.

Mzee_Pasiansi
Mmenikumbusha. Nilikuwa darasa la nne Mwanza hapa. Machi 1979 ndege ilipita, tukalala chini ya madawati. Bomu liliangukia kisiwani Saanane.

Bwiru_Juu
Mzee, ile ilikuwa ndege ya Amin, sivyo? MiG?

Mzee_Pasiansi
Hapana mwanangu. Ilikuwa Tupolev 22 ya Libya, Gaddafi alikuwa anamsaidia Amin. Walilenga hifadhi ya mafuta ya hapa mjini, wakakosa. Wakafa swala wa pale Saanane, na mfanyakazi mmoja akaumia kidogo. Wakati ule Saanane ilikuwa bustani ya wanyama, kuwa hifadhi ya taifa ni juzi tu, 2013.

Bwiru_Juu
Kumbe! Nimepanda boti kwenda pale mara nyingi na sijawahi kuambiwa. Wangeweka hata kibao.

Dada_Mwaloni
Jamani tumrudie kijana. Mwana_Igoma, maswali yangu bado hujajibu.

Mwana_Igoma
Samahani dada, nilikuwa kazini. Ana miaka 27, kidato cha nne, divisheni ya nne. Jeshini mwaka wa sita. Ana mke na mtoto mmoja wa miezi minane, wako hapa na mama. Jambo lingine nililosahau: yeye mwenyewe anapenda kufundisha. Akija likizo anawapigisha kwata watoto wa mtaa mzima.

Dada_Mwaloni
Sasa hapo ungeanzia. Mimi ni mke wa mjeda. Ukufunzi ni heshima, lakini kuruta wanafunzwa mbali na huku. Kihangaiko iko mkoa wa Pwani. Mtoto wa miezi minane atamjua baba kwa simu. Waamue wawili, yeye na mkewe, si wewe na mama.
Na akitaka kusoma pembeni, aangalie chuo kwanza. Mume wangu alilipa ada miaka miwili kwenye chuo kimoja, jina nalihifadhi. Alikuwa anatoka lindo saa kumi na mbili asubuhi anakwenda darasani na macho mekundu. Alipopeleka cheti akaambiwa kozi ile haijasajiliwa NACTVET, lile baraza la elimu ya ufundi. Pesa ya bati za nyumba yetu ilikwenda pale. Ni simu moja tu tungepiga kuuliza, na hatukupiga.

Bwiru_Juu
Pole dada.
Kuhusu fani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazini na kumpa cheti. Kwa hiyo hata akiwa kamanda wa seksheni, kama anashika spana huko kambini, njia ya ufundi haijafungwa. Aende chuo chao cha Nyakato aulize mwenyewe.

Kapripoint77
Hilo sikulijua. Basi nalegeza kidogo. Lakini umri unakwenda, na magoti hayana akiba.

Mtoto_wa_Ukerewe
Mimi naongeza Kifaransa. Wanajeshi wetu wamekwenda Kongo, tangu ile brigedi ya Umoja wa Mataifa ya 2013 pamoja na Afrika Kusini na Malawi, na Afrika ya Kati pia. Kote huko Kifaransa kinatumika. Kwenye kizuizi cha barabarani anayezungumza na wananchi mara nyingi ni koplo, luteni yuko mbali. Koplo anayejua kuuliza "mgonjwa yuko wapi" kwa lugha yao anazuia mengi.

SajiniTaji_Mstaafu
Kweli kabisa. Kiswahili kinasaidia mashariki ya Kongo, ila ukivuka upande wa pili kimya.
Mwana_Igoma, kama anapenda kufundisha, usimtenganishie uongozi na ukufunzi. Kamanda wa seksheni ni mwalimu wa watu wanane au kumi kila siku ya Mungu. Akitoka kozi ya uongozi atakuwa mkufunzi bora zaidi, kwa sababu atafundisha alichokifanya.

Kapripoint77
Na mama yake je? Mama kasema fani.

Mwana_Igoma
Mama bado kashikilia, jana usiku hakutaka hata tuliongee. Nimemsomea dogo maneno yenu yote. Nilipofika kwenye ya mzee kuhusu askari kumuuliza yule koplo, akaniambia nirudie. Kisha akatoka nje na mkewe, wamekaa barazani muda mrefu. Kesho alfajiri namsindikiza stendi ya Nyegezi. Hajaniambia ameamua nini.

Dada_Mwaloni
Usimuulize. Mbebee begi tu.

Bwiru_Juu
Mzee Pasiansi, bado uko? Shuleni kwenu mlichimba mahandaki au madawati tu?