Timu ya iGEM likizo ndefu: tuanze na mradi, hela au watu?

Mwanabayo_Dar

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za masomo. Niko mwaka wa pili bayoteknolojia, hapa Dar. Tuko saba tunaotaka kuunda timu ya iGEM mwakani, yale mashindano ya bayolojia ambapo wanafunzi wanabuni kitu kwa kutumia jeni, wanakifanyia kazi maabara kipindi cha likizo, na Oktoba wanawasilisha Paris.

Tumegawanyika. Wengine tunataka kipimo cha floraidi kwenye maji, madini ambayo yakizidi huharibu meno, maana wawili wetu wametoka Arumeru na ndugu zao wana meno yenye madoa ya kahawia. Wengine wanataka bakteria wa kula plastiki. Mtu mmoja katuambia tutafute hela kwanza, mengine yatakuja. Halafu kuna field, yaani mafunzo kwa vitendo: Agosti yote kila mtu anatakiwa awe kituo chake. Naombeni mawazo.

Dada_Moro

Marahaba mdogo wangu. Nilishiriki nikisoma nje, na sasa nasimamia wanafunzi maabara, kwa hiyo hili naliongea kwa moyo wote.

Hela isubiri. Anzeni na walimu wawili na friza inayofanya kazi. iGEM inataka kila timu iwe na msimamizi mkuu na msimamizi wa pili, na mfadhili makini atauliza majina yao kabla hajafika kwenye bajeti. Mkuu awe mwenye mamlaka ya maabara. Wa pili awe mtu anayepokea simu Jumapili, kwa sababu seli hazijui Jumapili.

Kuhusu field, nendeni kwa mratibu sasa hivi, vituo havijagawiwa, mkaombe maabara yenu ihesabiwe kuwa kituo. Mna msimamizi, mna logbook, mtaandika ripoti, hoja mnayo. Mkichelewa, nusu yenu watapangiwa Mwanza na Dodoma, na mradi utabaki kwa watu wawili. Hapa ndipo timu nyingi zinapokufa. Mnapoongeza watu, acheni kuuliza GPA, ulizeni Agosti utakuwa wapi. Angalieni na umri pia: wanaoshindana kundi la shahada ya kwanza ni wenye miaka 23 kushuka chini. Kwetu wengi hupitia diploma kwanza, kwa hiyo mkiwa na mmoja aliyezidi, timu nzima inahamia kundi la juu. Si kosa, ila mlijue mapema.

Plastiki iacheni. Yule bakteria aliyeripotiwa Japani 2016 ameshafanyiwa kazi na timu nyingi, na kupima plastiki iliyomeng'enywa kunahitaji mashine ambazo mtakuwa mnaziombea foleni.

Floraidi ina msingi. Inatoka kwenye miamba ya volkano, ndiyo maana inasumbua kuzunguka Mlima Meru, huko Arumeru. Bakteria Bacillus cereus ana swichi ya RNA, yaani kipande cha nakala ya jeni, inayofunguka ikikutana na floraidi. Watafiti wa Marekani waliitumia bila seli hai: wakachukua kiowevu cha ndani ya seli, wakakikausha kwa kugandisha, ukitia maji yenye floraidi kinageuka njano. Walikijaribu Costa Rica karibu na volkano Irazú, wakachapisha 2020. Kipimo chao kilionyesha rangi kwenye kiwango cha kama miligramu 2 kwa lita. Kikomo cha WHO ni 1.5. Basi swali lenu liwe hilo tu: je, tunaweza kukishusha hadi 1.5, na je, kinafanya kazi kwenye maji halisi ya kijito cha Arumeru, yenye tope na madini mengine? Linatosha kabisa likizo moja. Tena kwa kuwa hakuna kiumbe hai aliyebadilishwa anayetoka maabara, mazungumzo ya usalama yatakuwa mepesi. Maombi ya vibali mfanye hata hivyo, kupitia kamati ya chuo.

Jambo la mwisho, umeme. Mnapoingiza DNA kwenye bakteria, seli zinakaa kwenye barafu nusu saa, zinaingia maji ya nyuzi 42 kwa sekunde 45, zinarudi kwenye barafu. Hapo mnaona vizuri. Msichoona ni kwamba seli zilezile zilikuwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na umeme ulikatika usiku wa juzi, zikaharibika. Asubuhi sahani za kuoteshea bakteria ziko tupu, na kila mtu anamlaumu aliyeshika pipeti, kile kifaa cha kunyonyea vimiminika. Gaweni seli kwenye friza mbili zenye jenereta tofauti, na mmoja awe na kazi ya kuandika joto la friza asubuhi na jioni.

Omosh_Kisumu

Dada amesema yote ya maabara, mimi naongeza ya safari. Viza ya Schengen, ile ya kuingia Ufaransa na nchi nyingi za Ulaya, unaweza kuomba miezi sita kabla, na uamuzi huchukua siku 15, ukivutwa hadi 45. Bima ya safari lazima ifike yuro 30,000. Kwa hivyo pasipoti zishughulikieni mwezi Januari, wote, hata yule ambaye hana uhakika wa kusafiri.

Mwanabayo_Dar

Asanteni sana, kweli. Dada, nimeongea na mratibu wa field leo, anataka barua ya msimamizi. Swali moja: medali tunashindania na nani? Wenzangu wanaogopa vyuo vikubwa.

Dada_Moro

Shaba, fedha na dhahabu hazigombaniwi. Kila timu inapimwa kwa vigezo, ikivitimiza inapewa. Zawadi za kushindana zipo, ila ni kitu kingine. Vigezo vingi vinasomwa kwenye tovuti ya timu yenu, na tovuti inafungwa Oktoba, ikifungwa hubadilishi hata nukta. Kwa hiyo mteue mwandishi mwezi Aprili, awe na haki ya kumwamsha mtu yeyote ambaye hajaandika matokeo ya siku hiyo. Kuna ukurasa unaotaka mseme nani alifanya nini, mpaka fundi aliyewatengenezea kifaa. Uanzeni siku ya kwanza.

Barua ya msimamizi ikitoka niambie, nitakutumia mfano wa ratiba ya wiki kumi.