Naomba ushauri: riwaya kwenye LibreOffice Writer, faili moja au faili kwa kila sura?

Habari zenu wakuu. Uandishi kwangu si kazi, ni mapenzi tu. Naandika usiku watoto wakishalala. Nimeweka LibreOffice (Writer ndiyo programu yake ya kuandikia) kwenye kompyuta kwa kuwa ni ya bure, na kusema kweli imenikolea. Vichwa vya sura nikivipa mtindo wa Heading 1 kisha nikabonyeza F5, linafunguka dirisha la Navigator lenye sura zote. Sura ya tatu naiburuta mbele ya ya pili, na maandishi yake yote yanaifuata. Raha!

Sasa mliozoea: riwaya ndefu mnaiweka kwenye faili moja, au kila sura na faili lake kisha mnaunganisha kwa Master Document?

La pili, dada yangu ndiye msomaji wangu wa kwanza na yeye anatumia Word. Niandike kwa odt (aina ya faili ya LibreOffice), docx (ya Word) iwe ya kumtumia tu, au nianze na docx moja kwa moja? Akiweka maoni pembeni nataka yarudi yote.

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili nimeshaiwasha, ila majina ya wahusika yanapigiwa mistari myekundu kila ukurasa. Mnayaongeza moja moja?