MREJESHO: Kuunganisha kozi za mwaka wa kwanza kwa mada moja

Wakuu, mwezi wa pili niliuliza hapa namna ya kufundisha biolojia, uchumi na historia kwa mada moja, badala ya kozi tatu zisizosalimiana. Asanteni sana. Nilimfuata aliyesema tuanze na kitu cha kushikika: tukachukua sangara, aliyepandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Wanafunzi walikwenda mwaloni, wavuvi wanakoshusha samaki, wakaona mabondo (vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara) yakipimwa peke yake kwenye mizani, wakarudi wanabishana kuhusu furu, wale samaki wadogo wa asili ya ziwa hilo, waliotoweka na nani hasa anakula minofu. Hapo palinoga.

Mtihani wa pamoja ulikwama. Kila idara iling'ang'ania alama zake, tukaishia na karatasi tatu. Takwimu nayo tuliichomeka kwa nguvu, haikukaa. Ila aliyeshauri walimu tukutane kila Ijumaa alisema kweli: wiki tulizoruka, darasa lilijua.