Mjadala: Largo wa Thunderball ni wa Adolfo Celi, au ni wa sauti iliyofichwa?

Mleta mada: Wakuu, Emilio Largo wa Thunderball (1965), yule jambazi mwenye mvi na kitambaa cheusi jichoni, anahesabiwa kati ya maadui wakubwa wa James Bond, na sifa zote anapewa Mwitaliano Adolfo Celi. Sauti mnayoisikia si yake! Ni ya Robert Rietty, na jina lake halikuandikwa kwenye filamu. Mwaka uliotangulia, Mjerumani Gert Fröbe alifanyiwa vivyo hivyo kwenye Goldfinger: Kiingereza kilimshinda, akawekewa sauti ya Michael Collins. Kwangu mimi huo ni uigizaji nusu. Karibuni.

Mzee wa Mikanda: Sikubali. Rudia pale ndani ya boti ya Disco Volante, Largo anapomtesa mpenzi wake Domino kwa sigara nene na barafu. Hafoki, hana haraka, yuko kama daktari anayemweleza mgonjwa dozi. Ule utulivu wa uso na mikono, Rietty angeupenyezaje kupitia maikrofoni?

Binti Tanga: Kwetu jambo hili si geni. DJ Afro akisimulia filamu, kuna watu wanaingia bandani kwa ajili yake, mwigizaji baadaye. Ila DJ Afro anajitaja. Kosa la wale wazungu ni kumficha mtu aliyefanya kazi.

Mleta mada: Sawa dada, lakini kama Celi alikuwa mkali hivyo, mbona akaishia kwenye vichekesho? OK Connery (1967) nyota wake ni Neil, mdogo wake Sean Connery aliyekuwa Bond, kisa tu jina la ukoo! Halafu Danger: Diabolik (1968), jambazi anauawa kwa risasi za zumaridi, kisha mwizi anakwenda kuziokota kwenye majivu yake. Jamani.

Mzee wa Mikanda: Na anayeuawa ni Celi huyo huyo! Mkuu, filamu ya kipuuzi inahitaji mtu mmoja asiyecheka. Wote wakikonyeza kamera, inakufa. Celi hakuokotwa barabarani: kabla ya hapo aliongoza tamthilia São Paulo, kwenye Teatro Brasileiro de Comédia, na akaongoza filamu huko Brazil, Caiçara (1950) ikiwemo. Jambazi wa kwenye katuni alimchukulia kama mtu wa tamthilia nzito.

Halafu nikujibu la sauti. Rietty huyo huyo ndiye aliyemsemea Tiger Tanaka, mkuu wa ujasusi wa Japani, kwenye filamu nyingine ya Bond, You Only Live Twice (1967), na aliyecheza ni Mjapani Tetsurō Tamba. Kuna aliyewahi kutoka sinema akisema Tanaka kamkumbusha Largo?

Mleta mada: Hapo umenibana kidogo. La jina kufichwa nabaki na Binti Tanga. Ila Fröbe simwachii: kwenye Goldfinger ya Kijerumani alijisemea mwenyewe. Aliyeziona zote mbili aje atuambie ipi inatisha zaidi.