Naomba ushauri: mama anatoka Kigoma kwenda London, ndege aunganishe vipi?

Shikamooni wakubwa, habari zenu wengine. Mama yangu, mtu mzima mwenye presha, anasafiri kutoka hapa Kigoma kwenda London kumwona mjukuu. Hajawahi kupanda ndege, na atakuwa peke yake.

Kigoma hadi Dar ni kama kilomita 1,080 angani, hiyo hainitishi. Kutoka Dar atapitia Doha: karibu saa sita, halafu saa saba nyingine hivi. Ukiweka na kusubiri, siku nzima imeisha. Tiketi ya Kigoma tunakata peke yake, kwa hiyo ndege hiyo ikichelewa, ile ya Dar haimsubiri. Mimi naona alale Dar usiku mmoja. Baba anasema ni gharama za bure. Mliopita njia hiyo mnasemaje?

Miguu yake huvimba akikaa sana. Daktari tutamwona, ila waliosafiri na wazazi, soksi za kubana ziliwasaidia?

Kubwa zaidi ni Doha. Anajua Kiha na Kiswahili tu. Nikimwombea kiti cha magurudumu mapema, atapelekwa hadi mlango wa ndege ya pili, au kuna mahali ataachwa ajitafutie?