Mjadala: Je, kazi ni kipimo cha utu?

MTOA HOJA

Ndugu wasomaji, naomba tujadili kauli ambayo wengi wetu tuliisikia tangu tukiwa shule ya msingi, kwamba kazi ni kipimo cha utu. Awamu mbalimbali za uongozi wa nchi yetu, Tanzania, zimekuwa na namna zake za kuisifu kazi: Uhuru na Kazi, kisha Hapa Kazi Tu ya mwaka 2015, kisha Kazi Iendelee, na katika uchaguzi wa mwaka 2025 chama tawala kikaja na Kazi na Utu. Mimi ni mmoja wa wasioamini kwamba kazi ni kipimo cha utu. Nitaeleza sababu, kisha nitawaachia uwanja.

Baba yangu mdogo alikuwa mhasibu wa halmashauri kwa miaka 33, akastaafu kwa mujibu wa sheria alipotimiza miaka 60. Wiki ya kwanza aliamka saa 11 alfajiri kama kawaida yake, akapiga pasi shati, akakaa barazani na viatu vilivyong'arishwa mpaka saa 9 na nusu alasiri, saa ya watumishi kutoka kazini. Mwezi wa tatu akanunua daftari, akalipiga mistari na kuligeuza kuwa vitabu vya hesabu vya nyumba. Mjukuu wake wa darasa la nne akitumwa chumvi ya shilingi 500 alitakiwa kusaini, na chenji ikipungua aliandikiwa hoja ya ukaguzi kwa wino mwekundu. Tulicheka sana, na sasa naona tulicheka vibaya. Mwaka uliofuata alishika jembe, akalima ekari mbili za mihogo kwa mikono yake. Siku moja mgeni alimkuta ndiyo kwanza anarudi shamba, akamuuliza anajishughulisha na nini siku hizi. Mzee alijibu, matope yakiwa bado miguuni: "Mimi siku hizi si mtu tena, mwanangu. Nimekaa tu."

Nadhani kosa linaanzia kwenye neno kazi lenyewe. Muulize mkulima yeyote anafanya kazi gani, na mara nyingi utajibiwa, "Sina kazi, nalima tu." Mtu anaamka kabla ya jogoo, analisha nyumba yake na sehemu ya mji, kisha kwa kinywa chake mwenyewe anasema hana kazi, kwa sababu kazi kwetu imekuwa jina la pili la ajira, yaani mshahara, barua yenye muhuri, na kiti ambacho mwingine atakikalia ukiondoka. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alipokuwa akieleza maana ya Ujamaa, alirejea methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na jembe hilo halikuwa na cheo wala ngazi ya mshahara.

Miaka 21 baadaye ikapitishwa Sheria ya Nguvukazi ya mwaka 1983, na mitaani Dar es Salaam watu walioshindwa kuonyesha kitambulisho cha kazi wakakamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Miongoni mwa waliohesabiwa kuwa wazururaji walikuwamo wang'arisha viatu na wachuuzi wadogo, watu waliotoka jasho juani kutwa nzima, ila jasho lao halikuwa kwenye orodha ya mishahara ya mwajiri yeyote. Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo wa aina hiyo hiyo wakaanza kupewa vitambulisho kwa shilingi 20,000, na yule mzururaji akawa mjasiriamali. Mkono haukubadilika, wala brashi, wala kopo la kiwi. Kama kweli kazi hupima utu, basi utu wa mng'arisha viatu ulipungua mwaka 1983 ukaja kuongezeka mwaka 2018, jambo ambalo hata mwenye kauli hiyo hawezi kulikubali. Kilichokuwa kikipimwa ni karatasi.

Sitetei uvivu, na kazi mbaya si mchezo mwema. Ninachokataa ni mizani. Tena lugha yetu imekwisha kulikataa jambo hili bila kutungoja sisi, kwani tukisema fulani hana utu hatuna maana kwamba hana ajira. Tuna maana kwamba jirani alifiwa, naye akapita na gari lake bila kushuka kutoa pole.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kaka, nimekusoma kwa makini, na hoja ya neno kazi kugeuka ajira nakubaliana nayo. Lakini hitimisho lako ni tamu kwa mtu ambaye simu yake huleta ujumbe wa benki kila mwisho wa mwezi. Mimi nilihitimu shahada ya ualimu mwaka 2015, masomo ya Historia na Kiswahili, nimeomba kila tangazo la ajira lilipotoka, na leo naendesha bodaboda. Mkono mtupu haulambwi, na hilo si jambo la kumwambia mtu alifikirie upya likaisha.

Juzi ukoo wetu ulikaa kikao cha harusi ya dada yetu. Nilichanga shilingi 50,000, na mdogo wangu ambaye ni mtumishi wa serikali akachanga kiasi hicho hicho. Wakati wa nasaha aliombwa yeye asimame aseme neno. Mimi niliombwa nitoe pikipiki nikafuate kreti mbili za soda. Unaponiambia kazi si kipimo, waambie kwanza waliokuwa kwenye kile kikao, maana mimi peke yangu nikiacha kuamini hakitabadilika kitu.

Halafu umemtaja Mwalimu. Aliacha kufundisha Pugu mwaka 1955, na alipofariki mwaka 1999 bado aliitwa Mwalimu, ingawa wakati huo alikuwa amekwisha kuwa rais, akang'atuka, akarudi Butiama kulima. Jina la kazi ni mali, kaka, na aliye nalo haoni uzito wake. Mimi nimesomea jina hilo hilo, cheti kiko kabatini, na abiria wananiita "wewe, boda". Badala ya kutufundisha kuishi bila kipimo, tusaidieni kudai kazi.

MCHANGIAJI WA PILI

Ndugu zangu, mmebishana vizuri, ila mmezungumza kana kwamba kazi inaanzia nje ya mlango wa nyumba. Nina watoto wanne na mama mkwe aliyepata kiharusi, ambaye lazima ageuzwe kila baada ya saa chache asipate vidonda. Ninaamka saa 10 usiku. Mume wangu, mtu mwema kabisa, akinitambulisha kwa wageni husema, "Huyu hafanyi kazi, yupo tu nyumbani."

Mwaka juzi nilipolazwa, tulimchukua binti wa kutusaidia. Alipika, akafua, akamgeuza mama, na mwisho wa mwezi akalipwa. Shughuli zile zikaitwa kazi za ndani, na yeye akaitwa dada wa kazi. Hata amri ya kima cha chini cha mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliwataja wafanyakazi wa majumbani na kuwapangia kiwango chao. Nilipotoka hospitali nikazipokea kutoka mikononi mwake, na tangu siku hiyo zikarudi kuitwa kukaa nyumbani. Mtoa hoja anasema kilichopimwa ni karatasi. Kwa upande wetu sisi wanawake, hata karatasi haijafika mezani, na sijui kama ninataka ifike, kwa sababu sitaki thamani yangu kwa mama huyu ihesabiwe kwa saa. Nataka tu isisemwe kwamba nimekaa.

MTOA HOJA

Nianze na mdogo wangu mwalimu, na nitamwita hivyo kwa sababu amelisomea. Ninakubali kwamba niliandika kama mtu aliyeshiba. Njaa haipozwi kwa ufafanuzi wa neno, na anayedai ajira anadai haki yake. Hata hivyo atazame tena mfano wake wa kikao. Fedha zilikuwa sawa kwa shilingi, na jasho lililozipata pengine lilikuwa kubwa zaidi upande wake, na bado nasaha aliombwa mtumishi. Ukoo haukuangalia kazi wala mchango. Ungepata ajira kesho wangekuita wewe usimame, na kreti angetumwa mwingine asiye na barua, labda binamu yenu anayechoma mkaa. Kudai ajira ni sawa, lakini kudai ajira ili nasi tuwatume wengine soda ni jambo ambalo sitalitetea. Kuhusu Mwalimu umenipa la kufikiri, ingawa nadhani jina lile lilidumu kwa sababu watu waliendelea kujifunza kwake hata alipokuwa hana darasa.

Dada yangu mchangiaji wa pili sina jibu la kumpa. Baada ya kusoma maneno yake nilifungua faili la nyumbani lenye nakala ya fomu ya shule ya mtoto wetu, niliyoijaza mwenyewe mwezi Januari. Mbele ya "Kazi ya baba" nimeandika mstari mzima pamoja na cheo changu. Mbele ya "Kazi ya mama" nimeandika "Hana", na mke wangu ndiye aliyenishikia tochi nilipokuwa nikiijaza, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Hakusema kitu. Wenye hoja nyingine na waendelee, hasa wastaafu, ambao mpaka sasa sijawasikia.